Asidi Zinazolinda Shamba



Mkulima ukimtajia asidi shambani, hasara ndiyo inayomjia akilini. Anaona mahindi yaliyodumaa na majani yaliyogeuka zambarau, anamkumbuka bwana shamba aliyepita akasema udongo umechachuka, tafuta chokaa. Ni kweli, na chokaa nitaifikia baadaye. Jioni hii lakini nimekuja na asidi za namna nyingine, zile zilizomo ndani ya mboji. Hizo zikipungua, mbolea ya mfuko unayoinunua kwa jasho haipati pa kushika, na mvua kubwa mbili tatu zinaishusha chini mizizi isikofika. Wanakemia huziita asidi za humiki na asidi za fulviki. Natamani kila anayelima, awe na matuta mawili ya mchicha au ekari mia za mkonge, ajue zinavyofanya kazi, kwa sababu katika udongo mwingi wa nchi zetu zimebeba karibu mzigo wote wa rutuba.

Habari zake zilianzia mbali. Mwaka 1786 mkemia wa Berlin, Franz Karl Achard, alichukua mboji ya kinamasi akaichanganya na alkali kali. Maji yakageuka kahawia iliyokoza. Alipotia asidi ndani ya maji yale, kitu cheusi kikajitenga, kikatuama chini. Zaidi ya miaka 200 imepita, na maabara za udongo duniani bado zinafuata njia ileile. Unachukua udongo, unautia katika maji ya soda kostiki, unatikisa, unachuja. Yale maji meusi unayatia asidi mpaka pH, yaani kipimo cha uchachu, ishuke karibu na 1. Kinachoganda na kutuama ndicho kinachoitwa asidi ya humiki. Kinachobaki majini, chenye rangi ya manjano, ni asidi ya fulviki. Na kile ambacho tangu mwanzo kilikataa kuyeyuka, kikabaki na udongo, kinaitwa humini.

Kuna mahali ambapo shamba lenyewe hufanya kazi hii bila maabara. Katika mabonde yenye chumvi ya magadi, kama yale yanayomwagiliwa kwenye uwanda ulio chini ya Kilimanjaro upande wa Kahe, maji yakipanda na kukauka huacha juu ya ardhi utando mweusi. Wageni hudhani ni rutuba imejitokeza. Kumbe ni magadi yameiyeyusha mboji, kama ilivyofanya alkali ya Achard, kisha jua likaipandisha na kuikausha juu. Ukitaka kuona kwa macho yako, weka kiganja cha udongo mzuri wa juu katika glasi, mimina maji yaliyoyeyushwa magadi, koroga, acha usiku kucha mpaka vumbi litulie. Asubuhi maji ya juu yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Hiyo ndiyo mboji yako, sehemu yake ndogo, imetoka kujitambulisha.

Ndani yake mna nini? Kaboni ndiyo nyingi, kati ya asilimia 50 na 60 ya uzito wa asidi ya humiki. Oksijeni hufuata, kama theluthi moja. Halafu haidrojeni kidogo, naitrojeni kati ya asilimia 2 na 6, na salfa kidogo sana. Asidi ya fulviki ina kaboni pungufu na oksijeni zaidi, na oksijeni hiyo nyingi ndiyo inayoifanya iwe asidi kali kuliko ndugu yake na iyeyuke kwa urahisi.

Oksijeni hizo hazikutupwa ovyo. Nyingi zimepangwa katika makundi mawili ambayo ningependa uyakumbuke: kaboksili na fenoli. Kundi la kaboksili lina kaboni moja, oksijeni mbili na haidrojeni moja iliyoshikwa kwa kulegea. Udongo ukiwa mchachu mno, haidrojeni hiyo haiondoki. pH ikipanda kupita 4, ikaelekea 5 na 6, haidrojeni huchomoka kwenda majini, na kundi linabaki na chaji hasi. Fenoli ni wagumu zaidi, wao huachia haidrojeni zao pH inapofika 8 au kuvuka hapo. Katika kilo moja ya asidi ya humiki, wanakemia wamehesabu haidrojeni za namna hii kati ya moli 5 na karibu 9. Katika kilo ya asidi ya fulviki huweza kufika moli 14. Ni nyingi mno kwa kitu kilichotokana na majani yaliyooza.

Na chaji hasi hiyo ndiyo inayokuhusu wewe mwenye jembe. Virutubisho vingi huyeyuka majini vikiwa na chaji chanya: potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, na amoniamu inayotoka kwenye urea. Chaji hasi ya mboji huvivuta na kuvizuia visisombwe, lakini haivifungi moja kwa moja. Mzizi ukifika, hutoa haidrojeni yake, huiacha pale, huondoka na potasiamu. Mabadilishano hayo huendelea usiku na mchana.

Udongo wa mfinyanzi nao una chaji hasi, na hapa ndipo nchi zetu zinapotofautiana na nchi za baridi ambako vitabu vingi vya kilimo viliandikwa. Maeneo mengi ya kwetu yana ardhi ya zamani sana, imelowa na kukauka kwa mamilioni ya miaka, na mfinyanzi uliobaki ni ule unaoitwa kaolini. Kilo moja ya kaolini hushika kati ya sentimoli 3 na 15 tu za virutubisho. Kilo moja ya mboji hushika 150, 200, hata 300.

Tupige hesabu ya shamba la kichanga, kama yale ya Usukuma ambayo wenyewe huyaita luseni. Tuseme katika kila kilo ya udongo wake, asilimia 10 ni kaolini yenye uwezo wa sentimoli 8 kwa kilo. Hiyo inatupa 0.8. Mchanga hautupi kitu. Mboji ni asilimia moja na nusu, yenye uwezo wa 200, inatupa 3. Jumla ni 3.8, na karibu sehemu nne kati ya tano za jumla hiyo zimetoka kwenye mboji ambayo hata macho hayaioni vizuri. Sasa limeni hapo miaka kadhaa bila kurudisha kitu, mboji ishuke mpaka nusu asilimia. Uwezo wa shamba kushika virutubisho unaanguka kutoka 3.8 hadi 1.8. Mwenye shamba ataongeza mfuko wa mbolea, ataona mahindi hayaitikii, atamlaumu muuza pembejeo kwamba mbolea ni feki. Huenda mbolea ilikuwa nzima kabisa, ila ilipofika ardhini haikukuta pa kukaa.

Sasa turudi kwenye ule uchachu wa hasara. Sumu yake kubwa ni alumini. Alumini imejaa katika kila udongo wa mfinyanzi, lakini pH ikiwa juu ya 5.5 hukaa kimya imejifunga ndani ya madini. Ikishuka chini ya hapo huanza kuyeyuka, na ncha za mizizi ya mahindi au maharage zikiigusa huwa butu, nene, fupi. Mzizi hauendi chini tena, kwa hiyo jua la wiki mbili tu linatosha kulinyausha shamba ambalo jirani yake bado ni kijani.

Mboji huingia hapa kwa njia ambayo mimi naiona ni ya ajabu kuliko zote. Mara nyingi kaboksili na fenoli hukaa bega kwa bega juu ya pete moja ya kaboni, mpangilio uleule ulio katika asidi ya salisili ambayo aspirini hutengenezwa kwayo. Alumini ikipita, makundi yote mawili huishika kwa pamoja, moja huku na jingine huku. Ikishashikwa hivyo, haiudhuru mzizi tena hata kama pH ni ileile mbaya. Ndiyo maana mashamba mawili yenye kipimo sawa cha uchachu yanaweza kutoa mavuno tofauti kabisa. Lililopata samadi miaka mfululizo lina alumini iliyofungwa, na lingine lina alumini inayoelea huru majini.

Kwa hiyo chokaa ina nafasi yake, tena kubwa, katika nyanda za uchachu kama Njombe, Kagera, au magharibi mwa Kenya. Inazima alumini, na kwa kupandisha pH inafanya kaboksili nyingi zaidi ziachie haidrojeni, hivyo mboji ileile inashika zaidi kuliko jana. Lakini chokaa pia huwapa vijidudu nafuu, nao wakichangamka huila mboji kwa kasi. Mtu anayemwaga chokaa kila baada ya misimu michache bila samadi wala mabaki ya mazao anavuna vizuri mwanzoni kwa kutumia mboji iliyowekwa na miaka iliyotangulia. Mimi nasema wazi kwamba chokaa bila mboji nisingemshauri ndugu yangu.

Fosforasi ni kesi nyingine ya namna hiyo. Wekundu wa udongo wa Kabete au wa Bukoba ni oksidi za chuma, na oksidi hizo huivuta fosfeti ya mbolea za DAP na TSP kwa nguvu mpaka mmea unaachwa na sehemu ndogo. Asidi za mboji, zikiwa na chaji hasi kama fosfeti ilivyo, hugombania viti vilevile juu ya oksidi. Zikivikalia, fosfeti inabaki bila kiti, na mzizi unaipata. Ndiyo sababu kuchanganya kiganja cha samadi iliyoiva na mbolea ya kupandia katika shimo moja kuna maana ya kikemia, wala si desturi ya wazee tu.

Niseme kidogo kuhusu shaba. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro wamepulizia dawa za shaba kwa miongo mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, na wazee wanaukumbuka mrututu wa bluu. Shaba ile haikuondoka. Kati ya metali za kawaida shambani, ni chache zinazoshikwa na mboji kwa nguvu kama shaba, kwa hiyo iko palepale, sentimita chache za juu. Maadamu mboji ipo na pH haijaanguka, imetulia. Anayeng'oa kahawa leo apande mboga, akaacha migomba na majani yake na samadi, na kumwaga mbolea zinazochachusha udongo mwaka hadi mwaka, anaifungulia shaba hiyo njia. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Wengi huniuliza: basi udongo mweusi ndio wenye mboji nyingi? Swali zuri, na jibu lake linahitaji tupande na kushuka mlima. Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, miaka ya 1930, ndiye aliyeonyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio kutoka juu ya kilima hadi bondeni, mpangilio ambao aliuita katena. Juu unakuta mwekundu, katikati kichanga, chini kabisa mbuga nyeusi tii. Mbuga ile, inayonata mvuani na kupasuka kiangazi mpaka mguu unaingia kwenye ufa, mara nyingi haina hata asilimia 2 ya kaboni. Mboji yake ni kidogo, ila imejipaka juu ya mfinyanzi laini sana na kushikana nao, ikautia rangi wote. Uwezo wake wa kushika virutubisho ni mkubwa kwa sababu ya mfinyanzi wenyewe, ambao si kaolini.

Linganisha na udongo mweusi wa Rungwe, au wa miteremko ya Meru. Ushike mkononi, utashangaa wepesi wake. Huo umetokana na majivu ya volkano, na kaboni yake inaweza kuzidi asilimia 6. Majivu yakivunjika hutoa alumini nyingi, alumini inazishika asidi za mboji, na zikishashikwa hivyo vijidudu hupata taabu kuzivunja. Kwa hiyo mboji hukusanyika karne kwa karne. Neema hiyo ina gharama yake: alumini ileile inang'ang'ania fosfeti pia, na mkulima wa viazi wa Rungwe asiyetia fosforasi huona matokeo yake haraka.

Nimekuwa nikizungumza kana kwamba asidi ya humiki ni kitu kimoja kinachokaa udongoni kikisubiri kutolewa. Lazima nikueleze kwamba wanasayansi wanabishana vikali juu ya hilo. Tangu mwaka 1936 Selman Waksman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyotupatia dawa ya streptomaisini, aliandika kitabu kizima juu ya mboji, humo akapinga majina haya, akisema yanataja tu mazao ya hatua fulani za maabara. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber walilirudisha jambo hilo kwa nguvu katika jarida la Nature. Hoja yao ni hii: soda kostiki ya maabara ina pH ya 13, na hakuna shamba lenye pH hiyo. Vipimo vya kisasa vinavyouangalia udongo bila kuuchemsha wala kuuyeyusha havioni zile molekuli kubwa, nyeusi, sugu ambazo vitabu vilisema hujengwa ardhini. Vinaona vipande vya kila ukubwa: mabaki ya mimea, sukari, mafuta, protini, maiti za bakteria na kuvu, vyote vikiwa njiani kuvunjwa vidogo zaidi. Vinavyodumu hudumu kwa sababu vimenata kwenye madini, au vimefungiwa ndani ya chembe za udongo ambamo vijidudu na hewa havifiki.

Wapo wataalamu wengine waliojibu, nao si watu wadogo, kwamba kinachotolewa na alkali kimewafundisha mengi ya kweli kuhusu udongo na hakifai kutupwa. Mimi nimesoma pande zote mbili, na naona hivi. Kemia ya kushika niliyokueleza haigusiki: kaboksili zipo, chaji ipo, alumini inafungwa, iwe juu ya molekuli moja kubwa au juu ya vipande elfu vidogo. Kinachobadilika ni matarajio. Kama mboji ingekuwa kitu sugu kinachojengwa mara moja, ungeweza kumwaga tani 20 za samadi mwaka huu ukalala miaka 30. Kama ni vipande vilivyo njiani kuisha, inabidi uongeze kila msimu.

Na ushahidi wa hilo ninao, mmoja wa mbali na wa pili kutoka hapa hapa jirani. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la shayiri liitwalo Hoosfield. Sehemu yake moja ilipewa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, kisha ikaachwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye udongo wake bado ulikuwa na kaboni na naitrojeni zaidi ya sehemu jirani ambayo haikupewa samadi kamwe. Baridi ile na mfinyanzi ule viliitunza. Sasa njoo Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwenye jaribio la mahindi na maharage lililoanza mwaka 1976. Baada ya miaka 18 kaboni ilikuwa imeshuka katika sehemu zote. Palipopata samadi, mbolea ya viwandani na mabua kwa pamoja, ilishuka polepole zaidi. Ilishuka lakini. Jembe linapofungua udongo katika joto letu, linawafungulia vijidudu milango yote.

Aliyeeleza vizuri jinsi milango hiyo inavyofunguka alikuwa Birch, mtafiti wa Muguga, Kenya, katika makala yake ya mwaka 1958. Alichukua udongo uliokauka, akaulowesha, akapima hewa ukaa inayotoka. Iliruka ghafla, kisha ikatulia. Akaukausha tena, akaulowesha tena, ikaruka tena. Kila kiangazi kikivunjwa na mvua, mboji inatoa mlipuko wa hewa ukaa na pamoja nao naitrojeni. Dunia nzima ya sayansi ya udongo leo hutaja jambo hilo kwa jina la Birch, na lilitoka katika udongo wa Afrika Mashariki.

Sababu zake ni kadhaa. Vijidudu vingi hufa kiangazi, na miili yao huwa chakula cha waliobaki. Chembe za udongo hupasuka maji yakiingia kwa kasi, na vipande vilivyokuwa vimefungiwa ndani hutoka nje. Vingine vilivyokuwa vimenata kwenye madini huyeyuka. Yote hutokea ndani ya siku chache tu.

Tupige hesabu nyingine. Hekta moja, sentimita 15 za juu, ina udongo wa kilo kama 2,000,000. Mboji ikiwa asilimia 2, ni kilo 40,000. Naitrojeni ndani ya mboji ni kama asilimia 5, yaani kilo 2,000. Ikioza asilimia 2 tu kwa mwaka, inaachia kilo 40 za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo ni karibu mifuko miwili umepewa bila kulipa. Na sehemu nzuri ya hizo kilo 40 hutoka katika siku za kwanza za mvua. Hugeuka naitreti, na naitreti ina chaji hasi, mboji haiwezi kuishika. Kama mbegu iko ardhini na mizizi inashuka, inaivuna. Kama shamba bado linasubiri jembe, mvua ya wiki ya tatu inaipeleka chini ya mita moja. Mama anayepanda kwenye vumbi, kabla mvua haijatulia, watu wakamshangaa, ana Birch upande wake. Kuna hatari ya mvua kukatika, hilo najua, lakini anayechelewa wiki tatu amepoteza naitrojeni ambayo hatairudisha isipokuwa kwa fedha.

Mmenitumia pia maswali kuhusu chupa na pakiti za asidi ya humiki katika maduka ya pembejeo. Nyingi hutengenezwa kwa kuyeyusha aina ya makaa ya mawe machanga kwa alkali, njia ileile ya Achard. Katika majaribio ya vyungu mara nyingi mizizi huongezeka, na zipo sababu za kibaiolojia za hilo. Mashambani matokeo hayatabiriki. Mimi nakuomba uangalie uzito. Ukiweka kilo 5 katika hekta yenye kilo 40,000 za mboji, umeongeza sehemu moja juu ya 8,000. Huwezi kusema umerudisha mboji ya shamba. Kama bidhaa inaamsha mizizi ya miche kitaluni, ijaribu kwenye mistari michache, acha mingine bila, ujionee. Lakini mikokoteni miwili ya samadi inafanya kazi ambayo chupa haiwezi hata kuianza.

Na kuna watu waliolielewa hili kabla ya maabara. Huko Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye miteremko mikali, Wamatengo wanalima kwa ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, zifanye miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuufunika ule mstari wa nyasi kwa udongo wa juu unaotoka shimoni. Mlima wote unabaki na matuta yaliyozunguka mashimo. Maharage hutangulia juu ya matuta, mahindi hufuata, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yaoze humo. Ukitazama kwa jicho la kemia, kila hatua ina jibu. Nyasi hazikuchomwa, kwa hiyo kaboni, naitrojeni na salfa havikwenda hewani na moshi, vikaacha majivu peke yake. Zimefunikwa, kwa hiyo zinaoza zikigusana na mfinyanzi na oksidi za chuma, mahali ambapo vipande vyake vinaweza kunata na kudumu. Maji yanatua shimoni badala ya kukimbia na udongo wa juu. Na kazi hiyo hurudiwa kila mzunguko wa mazao. Hakuna Mmatengo aliyedhani ngoro ya babu yake inatosha.

Si kila mtu ana mteremko, wala nyasi. Ila mabua unayo, na kabla ya kuyatia kiberiti, pima kwanza mboji ya shamba lako. Maabara za udongo, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro na ya kituo cha TARI Mlingano, Tanga, hupima kaboni. Njia iliyozoeleka ni ya Walkley na Black ya mwaka 1934: dikromati ya potasiamu ya rangi ya machungwa huila kaboni na kugeuka kijani. Ukipewa namba ya kaboni, zidisha kwa 1.724 upate makadirio ya mboji, na uliza kabisa kama uliyopewa ni ya kaboni au ya mboji, maana nimeona watu wakilinganisha moja na nyingine na kufurahia ongezeko ambalo halipo. Chukua udongo sehemu nyingi za shamba, sentimita 20 za juu, changanya, kausha kivulini. Andika mwezi na kina ulichochimba. Baada ya miaka mitatu rudi mwezi uleule, kina kilekile, maabara ileile.